Zamu Tatu kwa Mtu Mmoja

Delbert Kocsis alikuwa mtu ambaye akisema ndiyo ni ndiyo, akisema siyo ni siyo. Mkewe Ilona alizoea kumtania kwamba alimposa kwa sauti ile ile anayoagizia soseji. Ndiyo maana bibi mwenye timu alimtoa kwenye kazi ya kusaka vipaji akamfanya meneja mkuu wa Wahunzi wa Toledo, timu ya mpira wa Kimarekani. Timu ilikuwa imechoshwa na watu wa labda na tutaona. Lakini wiki ile ya mwezi wa nne, wiki ya uteuzi, mambo yalimgeukia Del kichwani hata akawa hajui asimame wapi.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Portland walikuwa na kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi kwa kurusha mpira, anayeitwa Crispin Vandermolen, mrushaji wa kutajwa nchi nzima, aliyewahi kuwapa ubingwa. Sasa yeye na wakubwa wake walikuwa hawapikiki chungu kimoja, na Portland walikuwa tayari kumwachia. Hawakutaka fedha. Walitaka zamu za Toledo za kuchagua katika raundi ya kwanza: ya mwaka huu, ya mwaka ujao na ya mwaka unaofuata. Kila mwezi wa nne timu zote za ligi huketi kuchagua vijana wanaotoka vyuoni, timu iliyofanya vibaya ikitangulia, na kijana wa raundi ya kwanza ndiye anayetegemewa kuibeba timu mgongoni miaka na miaka. Kutoa zamu tatu ni kutoa vijana watatu. Wawili kati yao huwajui hata kwa jina, na huenda mmoja bado anahangaika na chunusi. Portland walitaka jibu Alhamisi kabla ya saa sita mchana. Jioni yake uteuzi ungeanza.

Jumatatu walikutana ofisini kwa Bi Wilhelmina Strake, mjane aliyeirithi timu kwa mumewe. Alikuwa amepita miaka themanini na bado alikuja kazini na koti la Wahunzi lililofifia rangi.

"Mleteni," alisema kocha Roscoe Bellamy hata kabla hajaketi. "Bi Strake, mimi si wa kuzunguka mbuyu. Huyu mtu anarusha mpira unapita kwenye tundu la sindano. Tunasubiri nini?"

"Umlete umweke wapi?" Nadine Fruehauf alimkata. Nadine alikuwa mkuu wa wasaka vipaji, mwanamke mwembamba aliyezunguka vyuo vyote vya nchi kwa gari lake mwenyewe. "Ukuta wetu wa mbele, hao wa kumkinga mrushaji, ni wa makuti, kocha. Majabali ya timu nyingine yanaupita yanavyotaka. Vandermolen ana umri gani? Thelathini na moja. Utamsimamisha nyuma ya makuti, yamlalie, halafu utakuja kuniomba kijana wa kujenga ukuta, nami nitakwambia zamu zote umezitoa sadaka."

"Hamadi kibindoni, Nadine. Hao vijana wako wa mwaka wa tatu wako wapi? Nionyeshe hata mmoja!"

"Na goti la huyo wako, lile linalosemwa limechoka, liko wapi? Umeliona?"

Bi Strake aliinua kidole, wote wakanyamaza. "Mimi mwaka huo wa tatu huenda nikawa nimelala kando ya mume wangu," alisema. "Nataka nione mechi moja ya mtoano tukishinda kabla sijaenda. Moja tu." Kocha alitabasamu. Bibi akaendelea, "Lakini pia sitaki watu wapite kaburini kwangu wakisema, huyu bibi alikula hata mbegu." Sasa Nadine ndiye aliyetabasamu. "Kwa hiyo, Del, amua wewe. Ndiyo kazi niliyokupa."

Del alitoka pale akiwa hajasema hata neno moja. Hilo lenyewe lilimshtua.

Hakuwa amewaambia lililomkaa kooni. Wahunzi walikuwa na kwotabeki tayari, Tavion Reddick, kijana wa miaka ishirini na minne, na aliyemchagua ni Del mwenyewe. Alisafiri mpaka Macon kwa bibi yake Tavion, akala kwenye meza ya yule mama, akamwahidi kwamba mjukuu wake atapewa muda wa kukua. Tavion alikuwa ameshinda nusu ya mechi zake na kupoteza nusu. Jumapili moja anacheza kama malaika, inayofuata anarusha mpira moja kwa moja mikononi mwa adui kana kwamba ametumwa kuupeleka.

Jumanne Vandermolen akaja, kwa ruhusa ya Portland. Daktari wa timu alimpima akasema bega ni zima, goti si la kijana lakini si bovu. Del aliuliza, "Si bovu maana yake ni zima?" Daktari akasema, "Maana yake si bovu." Baadaye wakaingia ukumbi wa mazoezi, na Vandermolen akaanza kurusha. Del alikuwa kwenye mpira huu tangu ujana wake, lakini alijikuta ameshika ukuta. Mpira ulitoka mkononi mwa yule mtu bila haraka, ukaenda, ukamngojea mdakaji pale atakapofika. Kocha Bellamy alikuwa akicheka peke yake. Nadine alisimama pembeni, mikono kifuani.

Mchana Del alimchukua mgeni kwenye lori lake dogo mpaka upande wa mashariki ya mto, mkahawa wa Wahungari alikokulia, wakaketi chumba cha nyuma mbele ya kuku wa paprika. Vandermolen alikuwa mtu wa sauti ya chini, ndevu zimeanza kuingia mvi. Alikula vizuri, akamsifu mpishi kwa jina, kisha akaweka uma chini.

"Bwana Kocsis, naomba nikwambie kitu na usinielewe vibaya. Ningekuwa wewe, nisingetoa zamu tatu."

Del alidhani hakusikia. "Kwa ajili yako?"

"Kwa ajili yangu. Mbili, labda. Tatu hapana. Nimemwangalia yule kijana wenu, Reddick. Mkono wake una nguvu kuliko wangu nilipokuwa rika lake. Mwacheni."

"Kwani hutaki kuja Toledo?"

"Nataka sana. Mke wangu anatoka hapa karibu, Sandusky. Nimechoka na Portland. Ningefurahi kesho asubuhi."

"Sasa mbona unajipunguza bei?"

"Umeniuliza ninavyoona, ndiyo nakwambia."

"Sijakuuliza!"

Vandermolen alicheka, akachovya mkate kwenye mchuzi. "Basi samahani. Nilidhani ungeniuliza."

Del aliendesha gari kurudi huku kichwa kikimzunguka kama pia. Mtu mkweli namna hii ndiye hasa unayemtaka awe nahodha wa timu. Kwa hiyo mchukue. Lakini mtu mkweli namna hii amekwambia usimchukue. Kwa hiyo mwache. Tena huenda si mkweli, huenda ni mjanja, anajua goti lake limekwisha na anataka ikiharibika aseme niliwaonya. Au anataka Toledo wabakize zamu wamjengee ukuta wa kumkinga! Del aligundua amepita njia ya nyumbani kwake bila kuiona.

Asubuhi ya Jumatano alikwenda mtoni kumtafuta baba yake. Ni majira yale ambapo samaki hupanda mto Maumee kutaga, na nusu ya wanaume wa mji husimama ndani ya maji mpaka kiunoni, wamevaa suruali za mpira, bega kwa bega, ndoano zikipishana. Mzee Kalman Kocsis, mfanyakazi mstaafu wa kiwanda cha vioo, alikuwa katikati yao. Del hakufika hata ukingoni kabla hajatambuliwa.

"Huyo, Del huyo! Del, ukitoa zamu tatu usirudi mji huu!"

"Nyamaza wewe, unajua nini? Mlete, Del! Mlete Vandermolen! Reddick anarusha kama anatupa taka!"

"Taka ni wewe! Mtoto anajifunza!"

"Anajifunza mpaka lini? Mpaka mjukuu wangu aote ndevu?"

Mmoja alimsukuma mwenzake, ndoano zikanasana, na wanaume wawili wazima wakawa wanagombana huku wakisaidiana kufungua nyuzi. Mzee Kalman alijikokota kutoka majini.

"Umekuja kuniuliza," alisema. Halikuwa swali.

"Baba, nimechanganyikiwa."

"Usitoe zamu. Mwaka ule walipotuletea yule mzee wa Memphis, tukatoa kila kitu, akavunjika mechi ya pili. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Vizuri." Mzee alikamua soksi yake. "Ila pia mwaka mwingine tulikataa kumchukua yule wa Omaha, eti tunalinda kesho. Tukakaa tunakula vumbi mpaka wewe ukaoa. Kwa hiyo toa."

"Baba, nitoe au nisitoe?"

"Mara zote mbili mimi nilishangilia, mwanangu. Nilikuwa pale pale uwanjani nikasema, safi, sasa wamefanya la maana. Mara zote mbili." Alimtazama mwanawe kwa huruma. "Njia mbili zilimshinda fisi. Wewe hata fisi si fisi. Nenda ukalale."

Del hakulala. Alasiri kengele ilipogongwa mlangoni kwake, Ilona alifungua, na aliyesimama kibarazani alikuwa Tavion Reddick, kofia mkononi. Habari zilikuwa zimezagaa redioni tangu asubuhi. Ilona alimkaribisha jikoni, akamwekea mikate ya jibini, akamwacha na mumewe. Del alijiandaa kwa machozi au kwa matusi. Aliona ana haki ya yote mawili.

"Mzee," Tavion alisema, "mlete yule jamaa."

Del alimkodolea macho. "Unajua maana yake? Wewe utakaa benchi."

"Najua. Nilikuwa na picha yake ukutani nikiwa shule. Nikikaa karibu yake mwaka mmoja tu, niangalie anavyofanya, sitalalamika."

"Tavion, niliahidi kwa bibi yako."

"Nimempigia bibi. Anasema bado nakua, kwa hiyo ahadi bado iko palepale." Kijana alichukua mkate mwingine. "Mzee, usinihurumie mimi. Nikihurumiwa nitacheza vibaya zaidi."

Alipoondoka, Del alibaki ameshika kikombe kilichokwisha poa. Ilona alirudi jikoni.

"Kasema nini?"

"Kasema nimlete mwenzake. Na mwenzake jana kasema nisimchukue. Ilona, kwotabeki gani hana wivu? Mtu akikupa kiti chake bila kukunja uso, ni mkubwa wa roho au ni mtu asiye na moto?"

"Mimi naona ni mtoto mwenye adabu."

"Adabu haishindi mechi."

"Basi mlete mwingine."

"Lakini mtoto wa roho hiyo ndiye wa kubaki naye!"

Ilona alikusanya vyombo. "Del, tangu jana kila ukiambiwa jambo unalichukua kama ushahidi wa kinyume chake. Sitasema tena."

Simu iliita. Ilikuwa kocha Bellamy, sauti imemlegea. "Del, nimekaa na mikanda ya mechi zetu mchana kutwa. Nadine alisema kweli. Ukuta wetu utamuua yule mtu. Usimlete."

"Jumatatu ulisema..."

"Jumatatu sikuwa nimeangalia. Usimlete, nakuomba."

Hakumaliza kuweka simu, Nadine akapiga. "Nisikilize. Miaka yote hii sijaona mpira ukimtii mtu kama jana. Nimejaribu kujizuia nimeshindwa. Mchukue. Hao vijana wangu nitawatafuta raundi ya nne, ya tano, hata vichakani. Mchukue, Del."

Walikuwa wamebadilishana viti, na kila mmoja alisema kwa yakini ile ile aliyokuwa nayo mwenzake juzi. Del aliwashukuru wote wawili kwa maneno yale yale.

Alhamisi, akiwa peke yake garini, alitamka kwa sauti: "Siyo." Akasikia lilivyokaa. Likakaa vizuri. Akarudia, "Siyo, ahsante," na mwili ukapata wepesi ambao hakuwa nao tangu Jumatatu. Alipofika ofisini aliwakuta Bi Strake, kocha na Nadine wameketi kama watu waliokuja kusikiliza majibu ya hospitali. Hakuwaambia kitu. Alichukua simu akapiga Portland, akapokelewa na meneja mwenzake, Thaddeus Oyler, aliyefahamiana naye tangu wote wawili wakiwa wasaka vipaji wa kulala hoteli za barabarani.

"Del," Oyler alisema, "kabla hujanijibu. Mke wangu hasemi nami. Mtoto wangu amevua jezi yetu kaitupa. Nikimtoa Crispin nitachomwa moto, nikimbakiza chumba cha wachezaji kitawaka moto. Nakwambia kama rafiki, mimi mwenyewe sijui kama nataka ukubali."

Del alifumbua kinywa kusema siyo.

"Nakubali," alisema.

Oyler akauliza, "Zote tatu?"

"Zote tatu."

Aliweka simu chini. Baadaye sana, watu wa redio walipomuuliza aliona nini dakika ile ambacho wengine hawakukiona, aliwapa maneno ya kupendeza kuhusu uzoefu. Ukweli ni kwamba hakuona kitu. Pengine alimwonea huruma Oyler. Pengine aliisikia sauti ya mtu mwingine aliyepotea kama yeye, akataka angalau mmoja wao atoke msituni, yeyote yule. Nadine alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, na kocha alikuwa amekitupa kichwa nyuma akiangalia dari. Bi Strake aliinuka, akampiga Del begani mara moja kama anayempa pole, akatoka.

Vandermolen alihamia Toledo na mkewe, akavaa jezi ya Wahunzi. Siku ya kwanza mazoezini alimwendea Tavion akamwambia, "Nilimwambia asinichukue, nataka ujue." Tavion akajibu, "Mimi nilimwambia akuchukue, kwa hiyo mimi nimekushinda." Wakacheka, na tangu hapo ukimwona mmoja unamwona na mwingine.

Mechi tatu za kwanza zilikuwa sherehe. Mji ulivaa rangi za timu, na wanaume wa mtoni wakaapa kwamba tangu mwanzo walikuwa upande wa kumleta. Mechi ya nne, kipindi cha pili, ukuta wa Wahunzi ulifunguka kama mlango usio na komeo. Majabali mawili ya wapinzani yakamfikia Vandermolen kwa wakati mmoja, moja juu, moja chini. Uwanja mzima ulisikia kilio. Goti lile ambalo si bovu likawa bovu, na daktari akasema msimu umekwisha. Huenda na kazi yake nzima ya kucheza.

Del alishuka ngazi kwenda chumba cha matibabu. Zamu tatu kwa mechi tatu na nusu. Mtu mmoja aliyepishana naye ukumbini, ambaye hakumfahamu, alimwambia tu, "Mjinga wewe," wala Del hakuona sababu ya kumbishia.

Lakini uwanjani Tavion alikuwa ameingia. Na Tavion huyu hawakuwa wamemwona kabla. Alisimama nyuma ya ukuta ule ule wa makuti, majabali yakimjia, naye hana haraka, anangoja, anangoja, kisha mpira unatoka. Walishinda siku ile. Wakashinda iliyofuata. Vandermolen alikuwa akikaa pembeni na magongo yake, na kati ya kila shambulizi kijana alimkimbilia, wakaongea vichwa vikigusana. Mwezi wa kwanza Wahunzi wakaingia mechi za mtoano. Wakashinda ya kwanza kwa pointi moja, theluji ikianguka, Bi Strake akilia waziwazi mbele ya kamera bila hata kujifuta. Ya pili wakapoteza, na hakuna aliyejali.

Basi kila mtu alikuwa amesema kweli. Nadine alikuwa amesema ukuta utamwangusha, ukamwangusha. Kocha alikuwa amesema wasubiri nini, na wangesubiri wangekosa haya. Magazeti yalimwita Del mtu mwenye akili ya ajabu, aliyemnunua mwalimu kwa kisingizio cha mchezaji. Del alisoma hayo akaona kama anasoma habari za mtu mwingine.

Siku moja alimkuta Tavion peke yake akifunga viatu, akaketi kando yake.

"Niambie ukweli. Alikufundisha nini?"

Tavion alifikiri. "Namna ya kungoja, nadhani. Ila sijui, mzee. Labda nilikuwa nimeshafika umri tu. Bibi anasema nilikuwa nimeshafika."

"Ungeweza bila yeye?"

"Wewe unaonaje?"

"Mimi ndiye ninayekuuliza."

"Basi sisi wote hatujui," Tavion alisema kwa furaha, akasimama akaenda zake.

Mwezi wa nne ulifika tena. Jioni ya uteuzi chumba cha Wahunzi kilikuwa na kahawa, skrini kubwa, na watu wasio na la kufanya, kwa kuwa zamu yao ya raundi ya kwanza ilikuwa ya Portland. Wakati wa zamu hiyo ulipofika, Oyler alitokea kwenye skrini akiwa na kofia ya timu yake, na kijana mkubwa kama kabati akapanda jukwaani, akamkumbatia mama yake mpaka akamwinua juu. Jina lake Wendell Haugen, wa kujenga ukuta. Nadine alikuwa amemfuatilia tangu akiwa shule ya sekondari huko Iowa. Alimpigia makofi peke yake chumbani, macho yamejaa maji.

"Tungekuwa na zamu hii leo," alimwambia Del bila kugeuka, "tungemchukua?"

"Tungemchukua bila kufikiri."

"Na Tavion angekuwa yupi?"

Kwenye skrini kijana alikuwa anavalishwa kofia ya Portland, ndogo kwa kichwa chake, na watu wote wakicheka. Del aliyatazama mashavu yake ya kitoto, akajaribu kuwaza ukuta wa Toledo ukiwa na mtu huyo, akamwona Tavion nyuma yake akirusha, kisha akamwona Tavion yule wa zamani, yule wa Jumapili mbaya, na picha zote mbili zikawa wazi sawasawa.

"Sijui, Nadine."

Nadine alifuta macho kwa kiganja, akavuta kiti akakaa, na kwa pamoja wakaendelea kutazama timu nyingine zikichagua.